Profesa wa Michigan na injini za umeme za vyombo vya anga za juu: hii kazi ikoje hasa?

Nyota_ya_Kyela aliuliza:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mnisaidie jambo moja, ni refu kidogo. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, kombi yake PCM, matokeo mazuri tu na fizikia anaipenda kuliko kula. Sasa toka mwaka jana ameshikilia habari za profesa mmoja anaitwa Alec Gallimore, Mmarekani mweusi, amefundisha Chuo Kikuu cha Michigan miaka mingi na utafiti wake ni injini zinazotumia umeme kusukuma vyombo huko juu angani. Binti anasema na yeye anataka hiyohiyo, hataki kusikia habari ya udaktari wala uhasibu. Mzee nyumbani ameniita kama kaka mkubwa nimweleze hiyo ni kazi gani, na mimi nimesoma ununuzi na ugavi, majibu yangu hayajamridhisha kabisa.

Kwaiyo naombeni wanaojua. Injini ya umeme inasukumaje mahali ambapo hamna hewa? Huyo profesa miaka karibu 30 alikuwa anaamka asubuhi anaenda kufanya nini, maana mi nilidhani injini ukishaitengeneza imeisha. Na ni kweli kwamba ile injini yao kubwa kuliko zote ilisukuma kwa nguvu ya nusu kilo tu? Hiyo ndo ilimchosha mzee kabisa, akasema mbona hata pampu ya kisima inashinda.

Fundi_Mitambo alijibu:

Nyota, kwanza hongereni kwa huyo binti, mlindeni hiyo hamu yake. Ngoja nianze na injini maana bila kuielewa huwezi kuelewa profesa alikuwa anahangaika na nini.

Roketi yoyote ile haisukumi hewa wala ardhi. Inatupa kitu nyuma, yenyewe inakwenda mbele, basi, kwaiyo hewa kukosekana sio tatizo. Tofauti ni unatupa nini na kwa kasi gani. Roketi ya kawaida inachoma mafuta na moshi wake, hata ukitumia haidrojeni na oksijeni ambao ni mchanganyiko mzuri kuliko karibu yote inayotumika, hautoki zaidi ya kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Hapo ndo mwisho, maana nishati yote imo ndani ya mafuta yenyewe na huwezi kutoa zaidi ya iliyomo. Injini ya umeme nishati inaitoa kwingine, kwenye paneli za sola, ndo maana ina uwezo wa kutupa gesi kwa kilomita 20 au 30 kwa sekunde na kuendelea.

Sasa aina aliyoibobea zaidi Gallimore ni thrasta ya Hall (thrasta ni hiyo injini ya kusukuma chombo kikiwa angani). Uso wake una mfereji wa duara. Gesi, mara nyingi zenoni, inaingizwa kutoka chini ya mfereji. Sumaku zimepangwa ili nguvu yake ikatize mfereji kutoka ukuta wa ndani kwenda wa nje, halafu volti, tuseme 300, zinavuta kwa kufuata kina cha mfereji. Elektroni zikitaka kukimbilia ndani kwenye anodi, yani ile ncha chanya ya umeme, zinanaswa na sumaku, zinabaki zinazungukazunguka mle kwenye duara kwa kasi kubwa, na atomu ya zenoni ikipita inagongwa inapokonywa elektroni inakuwa ioni, yani atomu yenye chaji. Ioni ni nzito, ile sumaku haiipindishi kwa kiasi cha maana, ila volti zinaitupa nje kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa sekunde. Pembeni au katikati kuna kathodi inayomwaga elektroni kwenye ule mkondo unaotoka, bila hivyo chombo kingejikusanyia chaji na ioni zingeanza kurudi. Kwenye picha utaona mwanga wa buluu mzuri sana lakini pale hamna kinachoungua.

Jina linatoka kwa Edwin Hall aliyegundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka 1879, na walioirusha injini yenyewe angani kwanza ni Wasovieti, mwisho wa 1971, kwenye setilaiti ya hali ya hewa ya Meteor. Na mwambie mzee sio habari za mbali. Setilaiti za Starlink ambazo majirani zetu Kenya wanapata nazo intaneti toka 2023 zina thrasta za Hall, za mwanzo zilitumia kriptoni na za kizazi kilichofuata agoni, kwa sababu zenoni ni adimu na bei yake kali.

Dada_wa_Pangani alijibu:

Fundi umeeleza vizuri, mimi nachukua hilo la profesa maana nimemfuatilia muda mrefu na naona watu wengi wanamwelezea kwa vyeo tu, mara mkuu wa kitivo mara nini, wakati kazi yenyewe ilikuwa kwenye maabara.

Gallimore alisoma shahada ya kwanza Rensselaer, jimbo la New York, akamaliza 1986, akaenda Princeton kwa PhD kwenye maabara iliyoanzishwa na Robert Jahn mwanzoni mwa miaka ya 1960, mmoja wa walioifanya hii fani iwe somo la chuo kikuu. Kule hakuwa bado kwenye Hall, alikuwa na aina nyingine inaitwa MPD ambayo inakula mkondo wa maelfu ya ampea, na swali lake lilikuwa umeme unaopotelea kwenye anodi unapotea kwa njia gani. Yani toka mwanzo ni mtu wa kuuliza hii nguvu niliyoweka imekwenda wapi. Akamaliza 1992 na mwaka uleule akaajiriwa Michigan.

Pale Michigan palikuwa na tangi. Nyota mwonyeshe mdogo wako picha yake, ni pipa la chuma limelala, upana mita 6 na urefu mita 9, mtu anaingia anasimama na kutembea ndani. Lilijengwa miaka ya 1960 na kampuni ya Bendix, chuo kikapewa 1982. Hilo ndo likawa moyo wa maabara aliyoianzisha, inafahamika kwa kifupi cha PEPL, na kwa maoni yangu bila lile tangi tusingekuwa tunamwongelea hapa.

Sababu ni hii. Injini hizi hazifanyi kazi kwenye hewa, lazima ombwe. Unafunga tangi, unanyonya hewa kwa pampu za kawaida, halafu inayobaki unaikamata kwa mabamba ya baridi kali mno mpaka gesi inagandia juu yake. Lakini ukishawasha injini, yenyewe inamwaga gesi ndani ya tangi muda wote! Pampu zinashindana na injini. Gesi kidogo inabaki inazunguka, inarudi mdomoni mwa injini, inaingia kwenye mfereji, inageuzwa ioni na kutupwa tena nje. Sasa umepima msukumo, je huo ni msukumo wa injini au umeongezewa na gesi ya bure ambayo angani haitakuwepo? Tena kuta za tangi ni chuma, zinapitisha umeme, elektroni zinaweza kupita njia ambayo angani haipo. Na ioni zinazopiga ukuta wa mwisho zinabangua kaboni ya yale mabamba ya grafaiti yanayolinda tangi, hiyo kaboni inarudi kupaka injini.

Kwaiyo miaka 30 alikuwa anafanya nini? Sehemu kubwa ni hapo, kujua kipimo cha duniani kinalingana vipi na kitakachotokea angani. Mtu anayenunua setilaiti anataka kuambiwa itasukuma kiasi gani na kwa miaka mingapi, na chombo kikishapaa hakirudi karakana. Mimi naona hiyo ni kazi ya heshima kubwa kuliko hata kuchora injini mpya, ingawa injini mpya ndo inapigwa picha.

Halafu watu. Amesimamia PhD zaidi ya 30 na ukifuatilia majina utawakuta kila mahali: Brad King akawa profesa Michigan Tech na kuanzisha kampuni ya kutengeneza thrasta inaitwa Orbion, Mitchell Walker yuko Georgia Tech, John Foster alikuja kuwa profesa hapohapo Michigan, Richard Hofer akaenda JPL, maabara ya NASA iliyoko California. Huyo Hofer na wenzake kuanzia mwaka 2010 hivi ndo walionyesha namna ya kupanga sumaku ili plazma, yani ile gesi iliyogeuka ioni na elektroni, isiguse kuta za mfereji, maana kulika kwa kuta ndo kulikuwa kunaua hizi injini. Kabla ya hapo ukuta ukiisha injini imeisha.

Hiyo ya nusu kilo ni X3. Ina mifereji mitatu mmoja ndani ya mwingine, upana sentimita 80 hivi na uzito kilo 230 kasoro kidogo, imesanifiwa kwa kilowati 200. Tangi la Michigan lisingeimudu kwa nguvu kubwa, ingemwaga gesi kuliko pampu, ikabidi mwaka 2017 ipelekwe NASA Glenn, Cleveland. Mwanafunzi wake wa PhD, Scott Hall (majina yamegongana tu na yule wa 1879), ndo alikuwa mstari wa mbele. Ikafika kilowati 102 na msukumo wa nyutoni 5.4, rekodi ya thrasta za Hall kwa wakati ule, iliyotangulia ilikuwa 3.3. Nyutoni 5.4 ni sawa na kushika mkononi paketi ya nusu kilo ya sukari na kidogo juu, kwaiyo ndio, ni kweli.

2016 akawa mkuu wa kitivo cha uhandisi, 2019 akachaguliwa kuingia chuo cha taifa cha wahandisi cha Marekani, 2023 akahamia Duke kuwa msimamizi mkuu wa taaluma. Maabara inaendelea chini ya Benjamin Jorns.

Jiwe_Gumu alijibu:

Nawasoma kwa makini na siwabezi. Lakini naomba tuongee na mzazi pia. Kilowati 100 ni umeme wa kuendesha mashine za kusaga mtaa mzima, unapata nusu kilo ya msukumo. Hiyo itambeba nani? Roketi za mafuta zinasukuma mamia ya tani. Binti mwenye ufaulu huo akisoma uhandisi wa umeme wa kawaida au ujenzi ataajiriwa hapahapa, mnampeleka kwenye kitu ambacho nchi yetu haina hata karakana yake.

Fundi_Mitambo alijibu:

Jiwe hoja ya ajira ni halali kabisa na wengine wataijibu. Ya msukumo acha niijibu kwa namba, maana hapo ndo penye utamu.

Kutoka ardhini kwenda angani unahitaji nguvu kuzidi uzito wako, hapo injini ya umeme haina chake, hakuna anayebisha. Ukishafika juu hakuna tena kinachokuvuta uanguke kwa maana ya kila siku, unazunguka tu, kwaiyo hata ukisukumwa kidogo ile kasi inabaki, haimezwi na upepo wala matairi. Unasukuma leo, kesho, mwezi ujao, inajumlika.

Chukua Dawn ya NASA iliyoruka Septemba 2007. Injini yake ya ioni, ambayo ni aina nyingine ya injini ya umeme, ilisukuma kwa kiasi cha gramu 9, na zenoni iliyobeba ni kilo 425. Kwa hizo kilo ilibadilisha kasi yake kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde, ikaenda kuizunguka Vesta 2011, ikaondoka tena ikaenda kuizunguka Ceres 2015, chombo cha kwanza kuwahi kuzunguka magimba mawili tofauti nje ya Dunia na Mwezi. Sasa piga hesabu ya Tsiolkovsky ya 1903, ile inayokwambia roketi ianze na uzito gani ili ipate kasi fulani. Ukitaka kilomita 11 kwa mafuta ya kawaida ya vyombo vya anga, yale yanayokaa tangini miaka bila kuharibika na moshi wake unatoka kwa kilomita 3.1 hivi, kwa kila tani moja unayotaka ifike lazima uanze na tani 34 au 35. Ukitumia injini inayotupa kwa kilomita 30 unaanza na tani 1 na nusu kasoro. Hakuna roketi ambayo mradi kama ule ungeweza kuilipia ibebe hiyo ya kwanza. Kwaiyo sio kwamba umeme ni mbadala mzuri, kwa safari ile ndo njia iliyokuwepo.

Na kuna hii naipenda sana. Julai 2001 setilaiti ya Ulaya inaitwa Artemis iliachwa chini mno kwa sababu roketi iliyoibeba ilikosea juu huko. Mafuta yake ya kawaida yakaipandisha hadi kimo cha kilomita 31,000 hivi, ilikuwa inatakiwa karibu 36,000. Zile injini zake za ioni ziliwekwa kwa kazi ndogo tu ya kuinyoosha ikipepesuka. Wahandisi wakaandika programu upya wakiwa chini, wakazitumia kuipandisha taratibu kilomita 15 hivi kwa siku, na Januari 2003 ikafika mahali pake na ikafanya kazi miaka mingi. Mwambie mzee aone kama pampu ya kisima ingeweza.

Nyota_ya_Kyela alijibu:

Aisee asanteni, hapo nimeelewa na nimempigia mdogo wangu anacheka tu anasema si nilikwambieni. Swali dogo, hiyo gramu 9 au hata nusu kilo kwenye mtambo wa kilo 230 mnaipimaje? Mzani gani huo, maana mtambo wenyewe ni mzito mara mia nne ya kile unachopima.

Dada_wa_Pangani alijibu:

Swali zuri mno Nyota, na hapo ndo mikono inapochafuka. Injini inakaa juu ya fremu inayosimama kwenye vyuma vyembamba vinavyopinda, yani fremu nzima ina uwezo wa kuyumba kidogo mbele na nyuma. Uzito unakwenda chini, msukumo unakwenda pembeni, kwaiyo ule uzito haukuzuii kuona kuyumba. Injini ikiwaka fremu inasogea kidogo sana na kifaa kinasoma imesogea kiasi gani, au kuna koili inayoirudisha katikati na unasoma koili imetumia nguvu kiasi gani.

Tatizo utajuaje kusogea fulani ni nyutoni ngapi? Kuna uzi uliopitishwa kwenye kapi na vijiwe vidogo vya uzito unaojulikana vimefungwa kwenye uzi, mota inaviachia kimoja kimoja, tangi likiwa limefungwa na ombwe limo. Kijiwe cha kwanza kikining'inia fremu inavutwa, unaandika, cha pili, unaandika, cha tatu, mpaka una mstari. Unarudia kabla ya kuwasha na baada ya kuzima maana injini ikipata moto vyuma vinatanuka, fremu inalala upande, na ile sifuri yako ya asubuhi sio sifuri tena saa nane. Nyaya na bomba za gesi nazo zina ugumu wake zinasukuma. Kwa X3 ilibidi fremu yenyewe ifanyiwe marekebisho kwanza ndo iweze kubeba mtambo na msukumo wa kiasi kile.

Ndani ya mfereji wa injini kupima ni kazi nyingine kabisa. Ukiingiza kijiti cha kupimia kwenye plazma ile kinaungua, na hata kabla hakijaungua kinamwaga uchafu unaobadilisha plazma uliyotaka kuipima. Mwanafunzi wa Gallimore, James Haas, karibu mwaka 2000 walitengeneza mkono unaochomeka kijiti ndani na kukichomoa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla plazma haijakidhuru wala yenyewe kuvurugika. Siku hizi wanatumia leza pia, unamulika ioni kwa rangi unayoijua na mwanga unaorudi unakwambia zinakimbia kasi gani. Kwa kweli nikisoma kazi kama hizo najisikia raha, mtu amekaa akafikiria vizuri namna ya kuangalia kitu bila kukigusa.

Msafiri_254 alijibu:

Niaje wadau, mimi ni Mkenya niko Ujerumani kwa mambo ya setilaiti, nimeona huu uzi na nikaona niseme kuhusu masomo maana hapo Jiwe aliuliza swali la mzazi na halijajibiwa.

Kaka Nyota, mwambie dada asitafute shahada ya kwanza yenye jina la injini za umeme, hatahitaji. Achukue fizikia, uhandisi wa umeme au mekanika chuo kizuri hata hapo nyumbani Tanzania, lakini apige sana hesabu na sumaku-umeme na ajue kuandika programu. Hii fani watu wanaingilia kwenye masters na PhD. Na hayo masomo akibadilisha mawazo au maisha yakibadilika bado yanampa kazi, mambo ya ombwe na plazma yanatumika kwenye kutengeneza chipu za kompyuta, umeme wa volti kubwa uko kila mahali. Kwaiyo Jiwe, ajira haiko kwenye kamba moja.

Kitu ambacho watu hawaambiwi mapema ni kwamba Marekani ina sheria za kudhibiti teknolojia ya anga na silaha, na thrasta zimo. Chuoni mgeni anaweza kusoma na kufanya utafiti wa wazi, lakini miradi mingine hataruhusiwa kuigusa, na kazi nyingi za kampuni zao na vituo vya NASA zinataka raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Sio kumkatisha tamaa, ajue tu kabla hajalipa hela ya maombi. Huku Ulaya kuna Giessen hapa Ujerumani ambako Horst Löb alianza thrasta za ioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ile ya kwao ilikuwa mojawapo ya zilizookoa Artemis aliyoisema Fundi. Kuna Stuttgart, Toulouse Ufaransa, Southampton Uingereza. Japani pia wako mbele sana, Hayabusa yao ilirudi na vumbi la asteroidi 2010 injini za ioni zikiwa zimeharibikaharibika, wakaunganisha kipande kizima cha injini moja na kipande kizima cha nyingine ili ifike nyumbani. Ada Ujerumani kwa vyuo vingi vya serikali ni ndogo au hakuna, ila kuna majimbo yanawatoza wa nje ya Ulaya, aangalie jimbo kwa jimbo, na atahitaji kuonyesha pesa za kujikimu benki kabla ya viza.

Akifika hatua ya kuomba, aandikie kwanza wanafunzi wa PhD wa hiyo maabara, wana muda kuliko profesa. Asiulize kama kuna nafasi. Asome karatasi yao moja, aulize kitu kimoja kilichomo humo ambacho hakukielewa, mfano kwa nini kipimo chao kilibadilika walipoongeza gesi ndani ya tangi. Na kama atahitaji mtu wa kumsomea hiyo barua kabla hajaituma aniandikie inbox, niko hapa wikendi.